Mfuko wa Uzi Mwekundu

Alirudi siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, na mimi sikusimama.

Nilimsikia kabla sijamwona. Pikipiki yake ilikuwa na mlio wake, kama mzee anayesafisha koo kabla ya kupiga hodi, na kwa siku ishirini na tatu nilikuwa nikiusikia mlio huo hata pale ambapo haukuwepo. Mara ngapi nimenyanyuka kwenye cherehani nikachungulia njiani! Kumbe ni mpeleka maziwa. Kumbe ni fundi bomba. Sasa ulikuja wenyewe, ukazimika mbele ya baraza yetu, na mguu wangu ukabaki palepale juu ya pedeli kama mguu wa mtu mwingine.

"Usigeuke," shangazi aliniambia bila kuinua macho kwenye vifungo vyake. "Wewe ni mchumba wa mtu."

"Sijageuka."

"Shingo imegeuka. Nimeiona."

Shangazi ni dada wa marehemu baba yangu. Alikuwa na meza yake pale barazani, akishona vifungo na kutoboa vitundu vyake. Mimi nilikuwa na cherehani kubwa ya umeme, ile ya kushonea turubai na ngozi, yenye kijitaa juu ya sindano. Kazi yangu ni mikoba ya kufunga kwenye pikipiki, ya watu wanaokwenda safari ndefu. Ndivyo nilivyomjua.

Wenzake walimwita Mkia. Hakuwa mdogo wala dhaifu. Walimwita hivyo kwa sababu katika msafara wa pikipiki kumi na moja, yeye ndiye aliyekaa nyuma ya wote. Mtu wa nyuma ndiye anayebeba spana, dawa na tyubu za akiba. Akianguka mtu, yeye ndiye anayemwokota. Ikiharibika pikipiki, yeye ndiye anayebaki nayo. Hana haki ya kumpita mtu hata kama anatembea kama konokono. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza, nikasema moyoni, huyu nitamweza.

Alipanda ngazi mbili za baraza na helmeti mkononi. Amekonda. Jua lilikuwa limemchora miwani usoni, mduara mweupe kuzunguka kila jicho.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umerudi mzima?"

"Mzima, shangazi."

"Hata kidole hakikukatika?"

"Vyote vipo."

"Kumbe. Kingekuwa kimekatika kimoja tungejua kwa nini hukupiga simu."

Akanitazama, nami nikatazama vifungo vya koti lake. Sikutaka kumtazama usoni. Haikuwa kwa hasira. Mmewahi kung'olewa jino? Daktari anakuchoma sindano, kisha mdomo unakuwa wa mbao. Unaugusa kwa kidole ndipo unajua bado upo. Hivyo ndivyo nilivyokuwa kwa wiki nzima, si mdomo tu, mwili wote.

"Hongera," alisema.

"Ahsante."

"Nimesikia kwa mziba pancha pale kona. Hata helmeti sijavua, ananiambia, yule fundi wako ameposwa na mwenye duka la rangi."

"Ndiyo."

"Ni mtu mzuri, nasikia."

"Ni mtu mzuri."

Shangazi akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha ugonjwa.

Ngoja niseme ilivyokuwa. Wiki moja kabla hajaondoka, Mkia aliniuliza kama ningekubali awatume wazee wake. Aliniuliza hapahapa, ameshika bobini ya uzi wa cherehani mkononi anaizungusha. Akasema, "Sitaki jibu leo. Fikiri. Utanipa nikirudi." Nami nikanyamaza kwa sababu jibu lilikuwa limeshafika ulimini na nilitaka kulifurahia peke yangu siku mbili tatu. Kumbe usiku wa kuamkia safari yao, baba mdogo alikuja na habari ya mwenye duka la rangi. Posa imeletwa, mama ameipenda, na jibu linatakiwa ndani ya wiki mbili. Wiki mbili zilipita. Simu ya Mkia haikupatikana. Hakuja mtu, haikuja salamu. Siku ya kumi na tano mama aliniuliza mbele ya wajomba, nami nikasema ndiyo kwa mdomo wangu. Ilitoka vizuri tu. Hata sauti haikutetemeka.

"Nimeleta vitu," Mkia alisema. "Tuvifanye kama siku zote, au vipi?"

"Vilete."

Huo ulikuwa utaratibu wetu. Kila akirudi safari, alimwaga mzigo wote juu ya meza yangu ya kukatia na tukautenga mafungu mawili: kilichofanya kazi, na kilichosafiri bure. Kilichosafiri bure mara mbili hakiruhusiwi safari ya tatu. Nilijifunza kushona mikoba kwa mafungu hayo kuliko kwa mwalimu yeyote. Siku ile nadhani tuliufanya kwa sababu mikono yetu ilihitaji mahali pa kukaa.

"Mkoba wa kushoto?" niliuliza.

"Hauna neno. Wa kulia uliinama ukagusa bomba la moshi. Umeungua hapa."

"Nitautia bamba kwa nyuma."

"Koti la mvua nililipakia chini kabisa. Siku ya tatu mvua ikatukuta, ikabidi nimwage nguo zote kando ya barabara kama mtu aliyefukuzwa kwake. Kuanzia hapo likakaa juu."

"Basi mkoba unataka mdomo wake wa juu, wa koti peke yake."

"Ndiyo. Wa kufungua ukiwa umevaa glavu."

"Nimekuelewa. Tyubu?"

"Nne, zote zimefanya kazi. Waya wa klachi, umefanya kazi. Suruali ya pili, bure. Sufuria, bure. Mwoka mikate alikuwa na yake kubwa, tukapikia hiyo."

Shangazi alidakia. "Huyo mwoka mikate naye alikwenda? Na lile tumbo?"

"Alikwenda, shangazi. Na ndiye aliyetupotezea nusu siku."

"Vipi?"

Akaeleza huku akikunja suruali. Msafara wa pikipiki hauwezi kwenda umeshikana kama garimoshi, watarushiana vumbi. Kila mtu anamwacha mwenzake mbali kidogo. Kwa hiyo wana sharti moja kubwa. Ukifika njia panda, unasimama. Unawasha indiketa ya upande mnaoelekea, unamsubiri aliye nyuma yako. Humpigii honi, humwiti, husogei. Akikuona, anawasha taa kubwa mara mbili kusema nimekuona. Ndipo unakwenda, na yeye anamsubiri wa nyuma yake.

"Mwoka mikate aliona kiu," Mkia alisema. "Akaona duka la soda mbele kidogo, hakusubiri. Aliyemfuata akanyoosha, nami nikamfuata yule, tukafika kwenye machimbo ya mawe. Tukaulizwa kama tumekuja kutafuta kazi."

Shangazi akacheka mpaka kifungo kikamdondoka. Mimi nilijua panachekesha. Nilijua tu, kama unavyojua jibu la hesabu.

"Na simu?" niliuliza. Niliuliza kama nilivyouliza habari za tyubu.

"Siku tatu za mwanzo milimani hapakuwa na mtandao, ya nne ikafa. Tulivuka kijito, nilikuwa nimeiacha kwenye kifuko cha usukani. Ikanywa maji yote."

"Wenzako hawakuwa na simu?"

"Walikuwa nazo. Namba yako ilikuwa ndani ya yangu. Kichwani nilikuwa na tarakimu nne."

"Zipi?"

"Za mwanzo."

"Ambazo kila mtu anazo!" shangazi akasema.

"Ndizo hizo, shangazi." Akanigeukia. "Lakini sikuwa na wasiwasi. Nilikwambia jibu utanipa nikirudi. Nikasema simu ni ya nini, nitamsikia kwa masikio yangu." Akaiweka suruali kwenye fungu la bure. "Nimelisikia kwa mziba pancha."

Wakati ule nilikuwa na maneno ya kumwambia. Nilikuandikia barua nzima, ningemwambia. Hukujibu, sasa unakuja kunionyesha sufuria. Lakini maneno yalikuwa mbali, kama vitu kwenye rafu ya juu, na mikono yangu haikutaka kunyanyuka. Nikasema, "Kuna kingine?"

"Koti. Zipu imeng'oka meno. Kama unaona vibaya kulishona, nitapeleka kwingine."

"Nimelishona mimi. Nitalitengeneza mimi."

Akalivua, akabaki na fulana. Nilimshonea koti lile kwa ajili ya safari hii, koti langu la kwanza la pikipiki. Kabla ya hapo nilishona mikoba tu. Alitaka mabega na viwiko vyenye sponji, shingo ya kufunga, na mfuko mmoja mdogo upande wa kushoto. "Juu ya moyo," alisema, "na uufunge kwa uzi mwekundu, mishono mitatu." Sikuuliza sababu. Nilishona. Alfajiri ya safari alinipa bahasha ndogo iliyogundishwa, akasema ni kadi yake, niitie humo nifunge. Nikaitia. Na kando yake nikatia barua yangu, niliyoiandika usiku baada ya baba mdogo kuondoka. Wenzake kumi walikuwa njiani wameshawasha pikipiki, hapakuwa na nafasi ya neno hata moja. Nikasema, akifika kwenye kituo cha kwanza cha ukaguzi atatoa kadi yake ikaguliwe, ataiona barua. Mtu si hufungua mfuko wake mwenyewe?

Nikalitandaza koti mezani. Vumbi la njia nyingi, jekundu juu ya jeusi juu ya jeupe. Nikaishika zipu. Kisha kidole changu kikapita juu ya ule mfuko.

Mishono mitatu. Uzi umefifia, lakini fundo lilikuwa langu. Mimi hufunga fundo kwa kuzungusha mara mbili na kupitisha chini, kwa sababu nilifundishwa vibaya nikazoea. Hakuna mwingine anayefunga hivyo. Na fundo halikuwa limeguswa.

"Hukufungua," nilisema.

"Nini?"

"Huu mfuko. Hukuufungua."

Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini hajala pikipiki. "Ule haufunguliwi."

"Na nani?"

"Na mwenyewe. Ni wa mtu atakayeniokota. Kadi ya damu imo mle, na ya nani aambiwe. Ukiufungua mwenyewe ni kama umejiitia ajali. Kila mmoja wetu ana uzi mwekundu; tukirudi wazima tunaukata pamoja, Kapteni, kiongozi wa msafara, anasimamia. Ni Jumapili hii." Akasita. "Sikukwambia?"

"Hukuniambia."

"Nilidhani mafundi wote wanajua."

"Mimi nilikuwa fundi wa mikoba."

Nikachukua mkasi. Alisema, "Ngoja, mpaka Jumapili," lakini mkasi ulikuwa umeshapita. Tik, tik, tik. Uzi mwekundu ukaanguka kwenye mapaja yangu. Nikatoa bahasha yake, imekunjamana kwa jasho. Nikatoa barua yangu. Ilikuwa imeshikana na bahasha, nikaibandua taratibu, nikampa.

Mwandiko wangu ni wa shule ya msingi, herufi kubwakubwa, mistari inapanda mlima. Nilimtazama akiisoma. Niliijua kwa moyo, kwa hiyo niliona macho yake yalipofika. Hapa panasema jibu langu ni ndiyo. Hapa panasema lakini baba mdogo ameleta mtu. Hapa panasema tuma mzee wako kabla ya wiki mbili kwisha, usipotuma nitajua umebadili nia, sitakulaumu.

Alifika mwisho akaanza tena juu. Shangazi aliacha kushona.

"Siku ishirini na tatu," Mkia alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ilikuwa hapa." Akajigusa kifuani, kwenye fulana, mahali pasipokuwa na mfuko.

Mimi nilikuwa nimefungua bahasha yake. Sijui kama ilikuwa halali yangu. Karatasi ndani ilikuwa na aina ya damu, na kwamba asipewe dawa fulani, na chini yake: *Mtu wa kujulishwa.* Alikuwa ameandika:

*Mke wangu (hajakubali bado). Mshona mikoba, nyumba yenye baraza ya bluu. Mwambieni taratibu. Atakuwa kwenye cherehani. Kwanza mwambieni atoe mguu kwenye pedeli.*

Nikatazama chini. Mguu wangu ulikuwa bado kwenye pedeli. Nikautoa.

"Kuna nini hapa?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kapu la vitambaa. Mama yangu hapigi kelele. Anakunja kitambaa. Akikasirika anakikunja tena.

"Shikamoo, mama," Mkia alisema.

"Marahaba. Umerudi."

"Nimerudi, mama. Kumetokea..." Akamnyooshea barua. Mama hakuipokea.

Shangazi akaeleza. Alieleza yote, mfuko, uzi, barua, simu kunywa maji, kwa maneno machache kuliko nilivyowahi kumsikia. Mama alisikiliza akikunja kitambaa kimoja kikawa kidogo kama kitabu.

"Kwa hiyo hukujua," alimwambia Mkia.

"Sikujua, mama."

"Nakuamini. Uso wako si wa mwongo. Lakini binti yangu alisubiri akijua. Wewe ulikuwa unaona milima, yeye alikuwa anaona ile njia." Akaashiria kwa kidevu. "Unajua baba yake alikuwa nani? Dereva wa lori. Miaka kumi na sita nilikaa kwenye dirisha lile pale, nasikiliza magari. Najua gari la tani saba kwa sauti, najua la tani kumi. Mpaka siku lilipokuja gari nisilolijua na watu wakashuka wamevua kofia. Sitaki arithi dirisha langu. Huyu wa duka la rangi saa kumi na mbili anafunga duka, saa kumi na mbili na robo yuko nyumbani anakula. Anachosha? Achoshe."

"Mama," nilisema.

"Neno limeshatoka mbele ya wajomba zako. Saa kumi dada zake wanakuja kupanga siku." Akamgeukia Mkia, na sauti yake haikuwa na ubaya wowote. "Mwanangu, kama una adabu, na najua unayo, saa kumi usiwe hapa kwenye baraza yangu."

"Sitakuwa kwenye baraza yako, mama."

Mama akaingia ndani. Mkia akakunja barua yangu vilevile ilivyokuwa imekunjwa, akaitia kwenye mfuko wa suruali. Akainama kuchukua helmeti.

"Sikuombi kitu," aliniambia kwa sauti ya chini. "Umeshanipa, ni mimi niliyekibeba bila kujua. Nitafanya tunavyofanya njia panda. Basi."

Akashuka ngazi, akaisukuma pikipiki mpaka ng'ambo ya barabara, pale ukuta unapopinda kwenda mtaa wa kwao. Akaiegemeza. Akawasha indiketa ya kushoto. Kisha akasimama kando yake, mikono nyuma, kama mtu aliyepanga foleni.

Ilikuwa saa sita kasoro.

Nilibadilisha zipu. Niliifumua ya zamani, nikaisafisha njia, nikashona mpya pande zote mbili, mara mbili mbili. Kazi ilitoka safi. Ganzi haikuwa imefika mikononi. Kila nilipoinua macho niliona kile kitaa cha rangi ya chungwa. Kinawaka, kinazima. Kinawaka, kinazima.

"Jua linamchoma," shangazi alisema saa saba.

"Naona."

"Hana hata koti. Koti lake unalo wewe."

"Shangazi, niache nishone."

Saa nane alisema, "Mziba pancha amempelekea maji. Ameyanywa bila kutoa mguu alipo." Saa tisa alisema, "Ile betri itakufa. Mimi si fundi lakini ile betri itakufa." Kisha akasema bila mzaha, "Mimi sikusubiriwa na mtu hata robo saa. Lakini usinisikilize mimi, nina vifungo vya kushona."

Nilijaribu kujiuliza ninataka nini. Nilijua kilichoandikwa kwenye karatasi mbili. Nilijua kwamba mwenye duka la rangi hakunikosea lolote. Aliwahi kuniletea brashi ndogo ya kusafishia cherehani, mpya, ameifunga kwa karatasi. Nilimfikiria akila saa kumi na mbili na robo, mimi mbele yake, masikio yangu yako barabarani yanatafuta mlio unaosafisha koo. Kila jioni. Mama aliogopa nisije nikarithi dirisha lake. Nikaona kwamba nikiolewa kule, ndipo nitakapolirithi.

Saa kumi kamili dada wawili wa mwenye duka la rangi wakafika. Wa kwanza mnene, uso wa kucheka. Wa pili kijana, amebeba kalenda iliyoviringishwa. Mama akatoka na viti.

"Wifi!" yule mkubwa akaniita. "Kazini tu, hata leo?"

"Dada zangu," nilisema, nikasimama. "Naomba mnisikilize kabla hamjaketi. Mkiketi nitashindwa."

Mama alikuwa ameshika kiti. Hakukiweka chini.

"Nilimkubali kaka yenu kwa sababu nilidhani nimeachwa. Leo asubuhi nimejua sikuachwa. Kaka yenu hana kosa, na nyinyi hamna kosa. Kosa ni langu, niliweka barua mahali pasipofunguliwa. Lakini nikiingia kwenu sasa, nitakuwa namdanganya kila asubuhi, na yeye si mtu wa kudanganywa."

Yule kijana akaikaza kalenda mikononi. Mkubwa uso wake ulikuwa umebaki na kicheko kisichojua pa kwenda.

"Ni yule wa pikipiki pale kona?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Tumemuuliza kama ameharibikiwa. Akasema bado."

Shangazi akauma uzi kwa meno ili asicheke.

"Kaka yetu ataumia," dada mkubwa alisema.

"Najua."

"Hujui. Alishaanza kupaka chumba. Ametafuta rangi ya baraza hii, akaikosa dukani mwake mwenyewe, akaichanganya kwa mkono." Akashusha pumzi. "Ungesema wiki iliyopita ungetupunguzia aibu. Ungesema mwaka ujao tungekuchukia. Twende, mdogo wangu." Akamgusa mama mkono alipompita. "Pole, mama. Si wewe."

Walipokwenda, mama alikiweka kile kiti chini polepole.

"Baba yako mdogo nitamwambia nini?"

"Nitamwambia mimi, mama. Ndiyo niliisema mimi, hapana nitaisema mimi."

"Na siku gari nisilolijua litakapokuja?"

"Sina jibu, mama."

Akanitazama kwa muda mrefu, akaingia ndani, akaurudisha mlango taratibu mpaka ukabana. Afadhali angeubamiza.

Nikarudi kwenye cherehani. Ng'ambo, kitaa cha chungwa kilikuwa kimechoka, kinawaka kama mtu anayesinzia. Nikapeleka mkono kwenye swichi ya kijitaa cha juu ya sindano. Nikawasha, nikazima. Nikawasha, nikazima.

Sikuwa na hakika kama kingeonekana mchana ule, kutoka kivulini. Lakini yeye ni mtu wa nyuma. Kazi yake ni kutazama. Akainua mkono, akazima indiketa. Akapanda, akavaa helmeti, akabonyeza kitufe cha kuwashia.

Tik.

Akabonyeza tena. Tik.

"Nilisema!" shangazi akapiga kelele kwa furaha yote aliyoibana tangu asubuhi. "Nilisema betri itakufa! Haya, msukume, si umemtaka?"

Nikachukua koti, nikavuka barabara. Nikamvisha kwa nyuma, mkono mmoja, mkono wa pili. Zipu ilipanda bila kukwama. Hakugeuka na mimi sikumgeuza.

"Unakwenda wapi?" nilimuuliza.

"Kumleta baba. Leo hii, kabla mama hajalala."

"Atamfukuza."

"Tutarudi kesho."

Nikaweka viganja kwenye chuma cha nyuma. Kilikuwa kimekaa juani toka saa sita, na kilikuwa cha moto, moto kabisa, ukaniingia kwenye viganja mpaka kwenye viwiko. Nikasema "Yalaa!" kwa sauti, nikasukuma vilevile. Nilikimbia nyuma yake hatua kumi, kumi na tano, kandambili moja ikabaki njiani, na pikipiki ikakohoa, ikasafisha koo lake, ikawaka.

Alikwenda mpaka kona ya mbali. Pale akasimama. Indiketa ikaanza kukonyeza, sasa ina nguvu ya injini. Ananisubiri nimwonyeshe nimemwona, na mimi sina taa, niko katikati ya barabara na mguu mmoja mtupu na viganja vinaniwaka. Nikainua mikono, nikaishusha. Nikainua tena. Ndipo akakata kona.

"Toka barabarani, wewe mke wa mtu!" shangazi aliniita.

Nikageuka kurudi, nikafuta macho kwa mgongo wa mkono. Kwenye dirisha lile, pazia lilikuwa limesogezwa. Mama alikuwa amesimama nyuma yake, ameinamisha kichwa kidogo upande mmoja, anausikiliza mlio wa pikipiki unavyokwenda, kama mtu anayejifunza sauti mpya.